Hewa ya Dodoma: namna ya kupunguza vumbi na moshi, kuanzia jikoni hadi mtaani

Ukifuta meza asubuhi Dodoma mwezi wa Septemba, jioni unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Ajabu ni kwamba vumbi hilo unaloliona ndilo lenye nafuu. Punje kubwa hunaswa na vinyweleo vya pua na makamasi, kisha zikapengwa. Zinazofanya kazi mbaya ni chembe ambazo jicho halizioni, zenye upana wa mikromita 2.5 kushuka chini, zinazoitwa PM2.5. Unywele wa mtu una upana wa mikromita 50 hadi 70, kwa hiyo unaweza kupanga zaidi ya chembe ishirini kukatiza unywele mmoja. Hizo hupita puani hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Ndiyo sababu moshi hauishii kwenye kikohozi. Hufika kwenye kiharusi, ugonjwa wa moyo na watoto kuzaliwa na uzito pungufu.

Kwa nyumba nyingi za hapa, sehemu kubwa ya chembe hizo haitoki barabarani. Inatoka jikoni na kwenye takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba. Hivyo mwongozo huu unaanza jikoni, unakwenda uwanjani, unaingia chumbani, na barakoa inakuja baadaye. Wengi hufanya kinyume: wananunua barakoa, halafu wanawasha mkaa kwa mfuko wa nailoni.

Mabadiliko ya tabianchi yanaingilia wapi

Vumbi halikuletwa Dodoma na tabianchi. Hii ni nchi kame tangu zamani: mvua ya mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, inanyesha kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni jua na upepo wa mashariki na kusini-mashariki. Kinachobadilika ni kiasi. Hewa yenye joto zaidi inanyonya unyevu wa ardhi haraka, kwa hiyo udongo unalegea mapema baada ya mvua kukatika. Mvua nazo huelekea kuja kwa kishindo, siku chache zenye maji mengi, kisha ukavu mrefu katikati, kama ule wa Februari unaojulikana na kila mkulima wa mtama.

Mafuriko yenyewe yanazaa vumbi. Maji yakishuka kwenye korongo huacha tope laini mabondeni na kando ya barabara. Tope hilo likikauka ni unga mtupu, mwepesi kuliko mchanga wa kawaida, na gari la kwanza likipita linapaa. Mwaka wa mvua kubwa hufuatwa na vumbi jembamba sehemu zilizofurika, jambo linalowashangaza watu waliodhani mvua nyingi ni dawa.

Joto nalo lina kazi yake. Moshi wa magari na pikipiki ukipigwa na jua kali hutengeneza ozoni karibu na ardhi, gesi inayowasha koo na kuchokoza pumu mchana wa joto. Masizi ya kuni na mkaa kwa upande wake yananyonya joto la jua yakiwa hewani, yaani moshi uleule unaochafua mapafu unaongeza joto la dunia. Lakini masizi hukaa hewani siku chache hadi wiki chache tu, ilhali hewa ya ukaa hukaa karne. Ukipunguza masizi leo, faida yake inaonekana mapema.

Tusiibebeshe tabianchi kila kitu, hata hivyo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini; ya 2022 ikahesabu 765,179. Kila kiwanja kinachosafishwa Nzuguni, Iyumbu au Mtumba kinaacha ardhi uchi. Ukame unailegeza, ujenzi unaivua nguo.

Pima kwanza, kwa kadi sita

Kabla ya kutumia hela, jua uchafu wako unatoka wapi. Chukua kadi sita nyeupe za ukubwa wa kiganja. Pakaa kila moja mafuta ya mgando, utando mwembamba tu. Ukipaka mazito yanayeyuka kwa jua na kuchuruzika. Nne zibandike nje, kila upande wa nyumba moja, kimo cha mita moja na nusu, uso ukitazama nje. Ya tano iweke jikoni, ya sita chumba cha kulala. Ziache saa 24, siku isiyo na mvua.

Zisome kwenye mwanga. Punje za kahawia au nyekundu zinazokwaruza ukizisugua kwa vidole ni udongo. Madoa meusi yanayopakaa kama grisi ni masizi. Kama kadi ya mashariki imejaa udongo na ya magharibi ni nyeupe, unajua uzio uanzie wapi. Kama ya chumbani ina weusi kuliko za nje, basi nyumba inajichafua yenyewe, na hakuna mti utakaokusaidia. Kadi haikamati chembe ndogo kabisa, lakini weusi wake unakwambia zinatoka wapi.

Vipo pia vifaa vidogo vya leza vinavyoonyesha PM2.5 kwa namba. Vina manufaa kwa moshi, ila vina kasoro mbili za kujua. Hupunja sana vumbi la punje kubwa, kwa hiyo siku ya upepo vinaweza kukuonyesha namba ya kutuliza moyo huku mlango wa jirani hauonekani. Na wakati wa ukungu au unyevu mwingi huzidisha. Angalia wastani wa saa 24, usihangaike na namba ya dakika moja. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishusha viwango vyake mwaka 2021: PM2.5 isizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa siku, na wastani wa mwaka usizidi 5. Kwa PM10, yaani chembe za mikromita 10 kushuka chini, ni 45 kwa siku na 15 kwa mwaka.

Jikoni ndipo penye ushindi mkubwa

Nyumba nyingi mjini zina mtungi wa gesi na jiko la mkaa pamoja. Gesi ni ya chai na mayai. Mkaa ni wa maharage na makande. Kwa maneno mengine, chakula kinachokaa motoni muda mrefu kuliko vyote ndicho kinachopikwa kwa moto mchafu. Kwa hiyo usianze na ndoto ya kuacha mkaa kesho. Anza na maharage.

Yaloweke usiku, angalau saa nane, maji mara tatu ya ujazo wa maharage. Mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya, funika sufuria. Hatua hiyo peke yake inapunguza muda wa kupika kwa kiasi unachokiona kwenye mkaa. Ukiweza, pata sufuria ya presha, iwe ya kuweka juu ya gesi au ile ya umeme. Kwenye ile ya umeme, sufuria nzima ya maharage yaliyolowekwa inaiva kwa chini ya uniti moja ya umeme. Wengi huogopa luku kwa sababu ya pasi na jiko la koili. Sufuria ya presha ya umeme haifanani nazo, kwani ikishapanda presha inakata umeme yenyewe na kurudisha kidogokidogo. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034. Sufuria moja ya maharage ni sehemu nzuri ya kuanzia.

Unapolazimika kutumia mkaa, makosa yako mengi yako kwenye dakika kumi za mwanzo. Moshi mnene hutoka wakati wa kuwasha. Washa nje, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na madirisha, yako na ya jirani. Tumia vijiti vikavu, karatasi au vipande vya mabua ya alizeti. Usitumie nailoni, kipande cha ndala wala mpira wa tairi, maana plastiki ikiungua hutoa sumu zinazoshika kwenye chakula na kwenye mapafu ya aliyeinama anapuliza. Ingiza jiko jikoni pale tu mkaa umeshika wote na juu umeanza kuvaa majivu meupe.

Hapo sasa kuna mtego. Mkaa mwekundu usio na moshi unaonekana salama, kumbe ndio unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Usiku wa Juni na Julai, baridi ya Dodoma ikishuka, watu huingiza jiko chumbani, wakafunga madirisha, wakalala. Wapo wasioamka. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala hata likiwa limebaki makaa matatu. Wawili au zaidi walio chumba kimoja wakiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, watoke nje mara moja, kisha hospitali.

Wa kuni: pasua ziwe unene wa kifundo cha mkono, zianike miezi kadhaa chini ya paa. Kuni kavu ukizigonga moja kwa nyingine hulia kwa sauti kali. Mbichi hutoa mlio wa kufa, na zikiungua hutoa povu mwishoni. Chumba cha jikoni kinahitaji matundu mawili: moja chini upande wa upepo, jingine juu karibu na bati upande wa pili. Tundu moja halitoshi, moshi hauna njia kama hewa haina pa kuingilia.

Uwanja: acha kufagia ardhi kavu

Hili litawakera wengi, kwa sababu uwanja uliofagiwa alfajiri ni heshima ya nyumba. Lakini tazama kinachotokea. Mvua ya mwisho ya Aprili ikikauka huacha utando mgumu juu ya udongo, kama ganda la mkate. Ganda hilo ndilo linaloshika punje ndogo zisipeperuke. Fagio la chelewa hulivunja kila siku, kidogokidogo, na kuacha unga mpya kwa upepo wa saa nne. Okota majani na takataka kwa mkono au reki yenye meno mapana, na fagia njia ya miguu tu.

Pale lazima ufagie, nyunyiza kwanza. Lita moja kwa mita mraba inatosha. Ndoo ya lita 20 inashika mita mraba 20. Nyunyiza alfajiri au jioni; mchana wa Oktoba maji hayo hayamalizi saa mbili. Na usitumie maji safi. Mji huu unategemea kwa kiasi kikubwa visima vya bonde la Makutupora, na kumwaga maji ya kunywa ardhini ni hasara. Tumia maji ya suuzo la mwisho la nguo. Yale ya kwanza yenye sabuni ya unga nyingi usiyatumie kila siku, kwani chumvi zake hutawanya udongo wa mfinyanzi na miezi ikipita unapata vumbi laini zaidi.

Suluhisho la kudumu ni kufunika ardhi. Kwa njia ya gari na mbele ya mlango, mwaga kokoto za milimita 10 hadi 20, unene wa sentimita 5. Eneo la mita mraba 40 linahitaji mita 2 za ujazo. Agiza zilizochekechwa, zikija na unga wake wa mashine umenunua vumbi. Moramu ni rahisi na inapendeza wiki ya kwanza, ila matairi huisaga. Kwenye sehemu isiyokanyagwa sana, panda ukoka mara mvua za Desemba zikishika, vipande vya sentimita 15 kila baada ya sentimita 20. Utakauka Agosti na kuonekana umekufa, lakini mizizi yake inashika udongo. Usiung'oe.

Kuhusu uzio, kosa la kawaida ni kujenga ukuta mzima mrefu na kudhani upepo umeisha. Ukuta usiopitisha hewa huurusha upepo juu, nao unaangukia ndani ukizungukazunguka, ukimwaga vumbi uwanjani. Uzio mzuri unapitisha karibu nusu ya upepo na kuupunguza mwendo, na kivuli chake cha upepo hufika hadi takribani mara kumi ya kimo chake. Upande wa mashariki na kusini-mashariki panda safu mbili. Ya nje iwe minyaa, vipandikizi vya urefu wa mkono, viachwe siku kadhaa kivulini jeraha likauke, kisha vipandwe kila sentimita 30. Utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho: kata kwa miwani, na ukirukia jichoni osha kwa maji mengi dakika 15 na uende hospitali. Kama nyumba ina watoto wadogo wanaochezea kila kitu, weka michongoma badala yake.

Safu ya ndani iwe mwarobaini, mita 3 kati ya mti na mti, na mita 5 au zaidi kutoka msingi wa nyumba na shimo la choo. Shimo ni sentimita 60 kila upande, debe moja la samadi iliyooza ikichanganywa na udongo wa juu. Tengeneza beseni la kukinga maji kuzunguka mche. Weka matandazo ya mabua unene wa sentimita 10, lakini yaache sentimita 10 kutoka kwenye shina, la sivyo mchwa watapandia hapo. Kiangazi cha kwanza, lita 10 mara mbili kwa wiki. Miche mingi inayokufa mjini hufa Septemba na Oktoba ya kwanza, pale aliyeipanda amechoka, maji yamekuwa ya mgawo na mbuzi wa jirani ameshajua njia.

Asiyeamini kwamba kufunika ardhi kunaleta tofauti aende Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye milima ya Irangi iliyokuwa imeliwa na makorongo. Uoto ulirudi. Ilikuwa hatua kali yenye maumivu kwa wafugaji, lakini kuhusu ardhi jibu lilionekana.

Mwenye shamba pembezoni mwa mji aangalie pia kuberega. Kuberega huko, yaani kukwangua na kuchoma mabua Oktoba, kunaacha ardhi wazi wiki zilezile za upepo na chamchela, na moshi wake unashuka mjini. Laza mabua chini, panda katikati yake.

Chumba kimoja, na saa za madirisha

Huwezi kuziba nyumba nzima, na ukiiziba joto litakutoa. Chagua chumba kimoja cha kulala, hasa cha mtoto, mzee au mwenye pumu. Ziba mwanya kati ya ukuta na bati upande wa upepo. Wa upande wa pili uache ili joto litoke. Chini ya mlango weka kitambaa kizito kilichokunjwa. Futa kwa kitambaa kibichi, deki kwa maji, usifagie. Futa pia mapanga ya feni.

Saa za kufungua madirisha zinategemea majira. Juni hadi Agosti, hewa baridi ya usiku hulala chini na kufunika moshi wa jioni na alfajiri kama kifuniko cha sufuria. Saa 12 hadi saa 2 asubuhi, na jioni saa 12 hadi saa 2 usiku, funga. Nafasi nzuri ni kuanzia kama saa 2 hadi saa 4 asubuhi, moshi umepaa na upepo haujashika kasi. Septemba hadi Novemba joto linabana, hivyo fungua usiku baada ya majiko kuzimwa, kuanzia saa 4. Ukiona ukuta wa vumbi mbele ya wingu la mvua ya kwanza, una dakika chache: funga kila kitu, mvua ikianza kunyesha fungua.

Barakoa

Kanga mdomoni huzuia mchanga, haizuii moshi. Barakoa ya hospitali ya bluu ni afadhali kidogo, lakini hewa hupita pembeni. Inayofanya kazi ni N95 au FFP2 iliyobana: ivae, pumua kwa nguvu, na ukihisi hewa machoni au miwani ikipata ukungu, haijakaa. Ndevu huiharibu. Itupe ikiwa ngumu kupumulia. Mtoto chini ya miaka miwili asivalishwe. Anayepasua kokoto amwagie jiwe maji kabla ya nyundo. Unga wa mawe yetu ya matale una madini ya silika, yanayokausha mapafu bila kurudi na kumweka mtu karibu na kifua kikuu.

Mwenye pumu, na mtoto anayehema

Pampu ya bluu hufungua njia ya hewa. Ile ya kukinga, yenye steroidi, ndiyo inayozuia shambulio. Ukiitumia ya bluu zaidi ya siku mbili kwa wiki, pumu yako haijadhibitiwa, rudi kwa daktari kabla ya Agosti. Dawa nyingi huishia kooni kwa kukosa chombo cha kati, na chombo hicho kinatengenezwa kwa chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita:

1. Osha chupa kwa maji ya sabuni, usiifute, iache ijikaushe. Sabuni inapunguza umeme tuli unaonasa dawa ukutani.
2. Chora umbo la mdomo wa pampu kwenye kitako cha chupa, toboa kwa waya uliopashwa moto hadi pampu iingie kwa kubana. Ondoa vipande vyote vya plastiki.
3. Tikisa pampu, ichomeke kitakoni, mgonjwa abane midomo kwenye mdomo wa chupa.
4. Bonyeza mara moja tu, avute na kutoa pumzi polepole mara tano. Kisha rudia.

Kwenye shambulio, bonyeza pampu ya bluu mara moja kila nusu dakika hadi dakika moja, zisizidi kumi, huku safari ya hospitali ikiandaliwa. Asipopata nafuu, au akishindwa kumaliza sentensi, msisubiri ya kumi.

Mtoto mwenye kikohozi mhesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima ukitazama saa. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni haraka mno. Miezi 2 hadi 12, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Akizifikia, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, akishindwa kunyonya, akidegedega au midomo ikiwa ya bluu, ni sasa hivi, hata usiku.

Mtaani

Barabara inayojengwa bila kumwagiwa maji, jalala linalochomwa kila Jumamosi: hayo hayaondoki kwa kufunga dirisha. Andikeni kwa pamoja, kaya kumi zikitia sahihi, mkitaja mahali, siku, saa na picha zenye tarehe, pamoja na zile kadi za mafuta kama mnazo. Barua ianze kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa afisa afya wa kata na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Ombeni kitu kinachopimika: boza lipite mara tatu kwa siku, saa 3, saa 7 na saa 10, malori ya mchanga yafunikwe turubai, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mbele ya shule. Ipelekeni Mei. Ikifika Septemba, mkandarasi atajibu kwamba mvua ziko karibu.